Mia Moja Ishirini kwa Themanini

Kwa wiki tano, kila mwanamke mjamzito aliyeingia zahanati ya Nyang'iela alikuwa na presha sawasawa na mwenzake.

Sajini Kemuma wa idara ya upelelezi aliusoma ukurasa huo mara tatu kabla ya kuamini macho yake. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, rejista ya kliniki ya wajawazito mapajani, penseli nyuma ya sikio. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya safu ya presha, kutoka juu hadi chini. 120/80. 120/80. 120/80. Akafunua ukurasa wa pili, kisha wa tatu. Namba ilikuwa ileile, kwa mwandiko uleule ulionyooka, mpaka Ijumaa iliyopita, tarehe 19 Aprili 1996.

"Sammy," aliita. "Mama yako ana presha?"

Konstebo Sammy alikuwa mlangoni akijipepea kwa kofia. "Mama yangu, Afande? Hapana. Mama yangu ana kelele tu."

"Wangu anayo. Tangu aanze kupimwa, hajawahi kupata namba moja mara mbili mfululizo. Sasa hapa kuna wanawake tisini na wanne. Kuna wa miaka kumi na saba, kuna waliozaa mara tisa. Wote mia moja ishirini kwa themanini."

"Labda ni maji ya huku, Afande."

"Maji ya huku hayajawahi kumsaidia mtu."

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Siku kumi na moja nyuma, Emmaculate, mke wa mchimba dhahabu wa Osiri, alifariki katika zahanati hiyo akijifungua, mwili ukimtetemeka kwa kifafa cha mimba. Mtoto alipona. Maafisa wa afya wa wilaya waliposikia, walituma ujumbe kwamba Jumatatu tarehe 22 wangekuja kukagua vifaa. Walipofika wakaambiwa na muuguzi kwamba mashine ya presha imeibwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Mlango haukuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili tu: moja ya sista Phelesia, muuguzi pekee wa zahanati, na nyingine ya mlinzi, mzee Nicanor. Jumanne Nicanor akatiwa pingu. Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho saa tatu asubuhi angepandishwa kizimbani Migori kwa wizi wa mali ya serikali, na kwa kosa hilo mtu wa miaka sitini na moja angeweza kufia jela.

Kemuma alirudi nyuma kwenye rejista hadi alipokuta mahali namba zilipoanza kutofautiana. Jumanne, tarehe 12 Machi. 118/76. 132/88. 96/60. Mwanamke wa mwisho siku hiyo alikuwa na 150/100, imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: arudi Ijumaa. Ijumaa, tarehe 15, mwanamke huyohuyo alirudi. 120/80.

"Amepona haraka," alisema Kemuma. Akafunga rejista na kuingia ndani.

Phelesia alikuwa akikata shashi kwa mkasi, vipande vya ukubwa mmoja, bila kuvitazama. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka kama arobaini, sare yake nyeupe imefuliwa mpaka ikaanza kupitisha mwanga.

"Sista, mashine uliitumia mara ya mwisho lini?"

"Ijumaa. Tarehe kumi na tisa."

"Ilikuwa inafanya kazi vizuri?"

"Vizuri."

"Na hii safu ya presha, nani anajaza?"

"Mimi. Niko peke yangu hapa, Afande. Mimi ndiye daktari, mimi mkunga, mimi mfagizi. Ukinipata nalala, mimi pia ndiye mgonjwa."

"Mbona namba zote zinafanana?"

Mkasi ulisimama, kisha ukaendelea. "Wanawake wa hapa wana afya nzuri."

"Hata Emmaculate? Alikuja hapa tarehe mbili Aprili. Umeandika mia moja ishirini kwa themanini. Siku kumi na mbili baadaye akafa."

"Mimba hugeuka. Presha inaweza kupanda kwa siku moja."

Aliweka mkasi chini, akaingia chumba cha nyuma. Kemuma akamfuata. Huko kulikuwa na kitanda cha kujifungulia, kabati la vyuma, na friji ya chanjo inayotumia mafuta ya taa. Phelesia alikuwa amepiga magoti mbele yake, akitazama moto wa utambi kwa kioo kidogo kilichowekwa sakafuni. Ulikuwa wa buluu, mdogo, haukutikisika. Juu ya mlango wa friji ilining'inia kadi ya joto, imejazwa asubuhi na jioni, hakuna siku iliyorukwa. Nne. Tano. Tatu. Sita. Nne.

"Hizi hazifanani," alisema Kemuma.

"Joto hubadilika."

"Na presha haibadiliki."

Phelesia alirekebisha utambi.

Kwenye kona kulikuwa na jerikeni mbili za njano za lita ishirini. Moja ilikuwa tupu. Nyingine ilikuwa na mafuta kidogo tu chini. Zote mbili zilichomwa ubavuni kwa chuma cha moto: duara lililokatwa na mistari miwili. Kitabu cha stoo kilining'inia kwenye msumari. Kemuma alikifungua. Mafuta ya taa yalipokelewa mara ya mwisho kutoka wilayani tarehe 20 Februari, lita ishirini. Chini yake, mistari mitupu.

"Friji hii inakula mafuta kiasi gani?"

"Karibu lita moja kwa siku. Upepo ukivuma, zaidi kidogo."

Kemuma alihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wake.

Nje, mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuwa amefika. Javan alikuwa mwalimu mstaafu, kalamu tatu mfukoni, sauti ya kuamrisha darasa.

"Madam, kwa nini unamsumbua sista? Mwizi si mko naye? Ile mashine ina mekuri ndani, zebaki, ile kitu ya kukimbiakimbia kama fedha iliyoyeyuka. Kule Osiri ndiyo inakamata dhahabu kwenye mchanga. Inatafutwa kama chumvi. Na mpwa wa Nicanor anachimba huko. Hesabu ya darasa la pili hiyo."

"Nani alimtaja Nicanor kwanza?"

"Mimi. Kama mwenyekiti."

"Na sista alisema nini?"

"Hakusema. Alinyamaza tu. Alikuwa ameshtuka, maskini."

Kemuma aliandika maneno mawili katika daftari lake: *alinyamaza tu*.

Wakiwa kwenye Landrova, barabara ya kwenda Osiri, Kemuma alitoa bahasha ndani ya mkoba. Jumatano alikuwa ameshinda katika wilaya ya Homa Bay akifuatilia alichoambiwa na Nicanor ndani ya seli. Mzee aliapa kwamba mwaka huu aliondoka zahanati mara moja tu, kwenda kisiwani Takawiri, yeye mtoto wa kwanza wa kiume, kumzika baba yake. Kemuma alipata karatasi ya mochari ya Homa Bay ya kutoa mwili, tarehe 10 Machi. Alimpata seremala wa Rodi Kopany aliyetengeneza jeneza, ambaye alimkumbuka Nicanor kwa sababu alilipima mara mbili akiogopa miguu ya baba yake haitatoshea. Alipata barua ya chifu: Nicanor aliondoka kisiwani tarehe 24 Machi.

"Jana ulisema hizi karatasi hazisaidii," Sammy alisema. "Mashine imeibwa Aprili. Mzee alikuwa amesharudi."

"Jana sikuwa nimeona rejista. Soma namba, Sammy. Mpaka tarehe kumi na mbili Machi, mashine inapima watu. Tarehe kumi na tano haipimi mtu, mtu anabuni. Mashine haikutoka Jumapili iliyopita. Ilikufa mwezi wa tatu, kati ya Jumanne na Ijumaa."

Sammy alipiga usukani kwa kiganja. "Na mzee alikuwa Takawiri anaomboleza!"

"Angeweza kutoroka arudi siku moja?"

"Mtoto wa kwanza wa kiume? Na baba hajamaliza hata wiki kaburini?" Sammy, mzaliwa wa Mbita, alimtazama kana kwamba ametukana. "Afande, hata moto uwake kwako, hutoki mpaka taratibu ziishe. Angeondoka, kisiwa kizima kingejua. Hata mbuzi wangejua."

"Basi mzee hana kesi. Lakini hakimu atauliza: kama si yeye, ni nani? Na mimi kwanza nataka kujua yale mafuta yametoka wapi."

"Mafuta gani?"

"Lita ishirini, tarehe ishirini Februari. Karibu lita moja kwa siku. Yanaisha lini?"

Sammy alihesabu kwa midomo. "Tarehe kumi na mbili, kumi na tatu Machi."

"Na leo ni tarehe ishirini na tano Aprili, na moto ni wa buluu."

Osiri ilikuwa mashimo na vumbi jeupe. Wanaume walishuka kwa kamba, wanawake walitwanga mawe, na kando ya dimbwi la maji ya kahawia watu walizungusha mabeseni. Elkana, mume wa marehemu Emmaculate, alikuwa amechuchumaa hapo. Kando yake, mama yake, Susana, alimbeba mtoto mchanga kifuani. Msichana wa miaka miwili alikaa kwenye kivuli chao akitafuna pembe ya kadi yake ya kliniki.

"Pole na msiba, Elkana."

"Asante, Afande. Pole na jua."

Alimwaga maji ya beseni, akabaki na mchanga mweusi. Alitoa kichupa kidogo cha dawa ya sindano, kile chenye kizibo cha mpira, akadondosha tone zito linalong'aa. Akalikanda ndani ya mchanga kwa vidole vitupu, akakusanya, akakamua kwa kitambaa mpaka kikabaki kidonge cha kijivu.

"Hiyo mekuri unatoa wapi?"

Elkana alirudisha kizibo cha kichupa. "Kwa Gisiri, yule mnunuzi. Wote tunatoa kwake."

"Inapatikana wakati wote?"

"Eh! Mwezi wa tatu ilipotea kabisa. Wale wanaoileta walishikwa mpakani. Wiki mbili tumekaa tunatazama mchanga kama mtu anatazama ng'ombe wa jirani. Halafu Gisiri akaja nayo, kidogo, kila mtu tone lake. Langu ndilo hili. Ile ya kila siku ni chafu, imepita mikono kumi. Lakini hiyo! Ilikuwa kama kioo. Nilijiona mpaka meno."

"Unakumbuka siku?"

"Siku sista Phelesia alikuja kuchanja watoto hapahapa. Jumamosi. Surua ilikuwa inachinja. Jirani yangu alizika wawili wiki moja." Alimwonyesha msichana kwa kidevu. "Huyu Mellen alidungwa siku hiyo. Hakuguswa."

Jumamosi ya kwanza baada ya tarehe 15 ilikuwa tarehe 16 Machi. Kemuma aliandika.

"Nitakuomba hicho kichupa. Nitakuandikia karatasi."

Elkana alikitoa bila kubisha. Lakini hakurudi kwenye beseni lake. Alibaki amesimama, mikono inachuruzika maji, akimfuata Kemuma kwa macho mpaka kwa Gisiri.

Mnunuzi wa dhahabu alikaa chini ya kibanda cha mabati na mizani ndogo mbele yake. Nyuma yake zilipangwa jerikeni za mafuta aliyowauzia wachimbaji kwa ajili ya taa na pampu. Kila moja ilichomwa ubavuni: duara, mistari miwili.

"Alama nzuri," alisema Kemuma.

"Ya ng'ombe wa baba yangu. Kila kitu changu kina hiyo. Nilitaka kumtia hata mke wangu, Bhoke akashika jembe." Gisiri alicheka, akavuta kigoda. "Keti, dada yangu. Wewe Mkisii, mimi Mkuria. Tukisalimiana kwa lugha zetu hawa wengine wote ni wageni. Kwa nini unakuja na kitabu?"

"Kwa sababu una jerikeni mbili hazipo nyumbani."

Kicheko kilikatika.

"Mtu akinunua mafuta kwako, unampa na jerikeni?"

"Hapana. Anakuja na yake."

"Basi hizo mbili ulimwachia nani mwezi wa tatu?"

Gisiri aligusa mizani, ikapanda, ikashuka. "Dada, mimi sikuiba kitu."

"Sijasema umeiba. Nimeuliza ulimpa nani."

"Alikuja alfajiri na baiskeli. Akasema friji imebakiza moto wa siku moja, na dawa zikipata joto zinakuwa maji tu. Nikamwambia, sista, hata mimi niko vibaya, watu wangu hawana mekuri. Nilikuwa nalalamika tu kama mtu yeyote. Akaniuliza: nikikuletea mekuri utanipa lita ngapi? Nikasema arobaini. Akarudi jioni."

"Ulijua imetoka wapi?"

"Mekuri haina alama, dada. Ng'ombe ndio wana alama."

Kemuma alipogeuka, beseni la Elkana lilikuwa linaelea peke yake juu ya dimbwi.

Saa tisa alasiri walikuwa wamerudi Nyang'iela. Javan alikuwa bado yupo. Phelesia alikuwa akipanga sindano kwenye trei, safu kwa safu, na kuzihesabu kwa sauti ya chini. Kemuma aliweka kichupa juu ya meza, rejista kando yake, na kitabu cha stoo kando ya rejista.

"Tarehe ishirini Februari wilaya inakuletea lita ishirini," alisema. "Tarehe kumi na moja Machi yanakaribia kwisha. Tarehe kumi na mbili unapima wanawake, na namba ni za kweli. Kati ya hapo na Ijumaa unakwenda Osiri na baiskeli. Ijumaa unaanza kuandika namba moja. Jumamosi Osiri wanapata zebaki safi, na Jumamosi hiyohiyo watoto wa Osiri wanapata chanjo. Wizi haukutokea hapa, sista. Mashine yenyewe iko wapi?"

Javan alifungua mdomo. "Madam, hayo ni maneno mazito sana..."

Phelesia alikuwa ameshainama. Kutoka chini ya kitanda cha kujifungulia alivuta kitu kilichofungwa kwa khanga, akakiweka mezani, akakifungua. Ilikuwa mashine ya presha, mpira na kitambaa vyake vikiwa vimekunjwa vizuri. Bomba la kioo halikuwa na ufa. Lilikuwa tupu.

"Zebaki niliimwaga kwenye bakuli," alisema. "Tarehe kumi na tatu, Jumatano. Haikupotea hata tone."

"Kwa nini ulijaza rejista?"

"Fomu ikiwa na nafasi tupu inarudishwa. Ikirudishwa, anakuja mkaguzi. Akija mkaguzi, anauliza mashine. Nilihitaji wiki sita. Watoto nimewachanja mia tatu na kumi na mmoja. Jumamosi hii ndiyo ya mwisho, wamebaki sitini na watatu wa upande wa mto."

"Na wajawazito ulikuwa unawapimaje?"

"Kama nyanya zetu walivyojua kupima." Alionyesha kidole gumba. "Unabonyeza mfupa wa mguu. Shimo likibaki, mwili una maji. Mkojo unauchemsha kwenye kijiko. Ukiganda kama ute wa yai, hatari. Wanne niliwakamata hivyo, akiwemo yule wa wino mwekundu. Niliwapeleka na baiskeli yangu mpaka barabarani, wakapanda gari la hospitali. Wako hai."

"Na Emmaculate?"

"Mguu wake haukubaki na shimo. Mkojo haukuganda." Alinyoosha khanga kwa kiganja, mkunjo baada ya mkunjo. "Mashine ingesema. Kidole changu hakikusema."

"Nicanor je? Mzee analala kwenye sementi siku ya tatu hii. Ulisikia mwenyekiti akimtaja, ukanyamaza."

"Kesho ni kusomewa mashtaka tu. Nilitaka Jumamosi ipite. Jumatatu ningekuja kituoni mwenyewe."

"Hilo mzee analijua?"

"Hapana." Sauti ilishuka. "Nicanor nimemkosea. Huyo nitampigia magoti, mbele ya mtu yeyote."

Kemuma alimgeukia Sammy. "Nenda kwa redio ya gari. Mwambie mkuu wa kituo mashine imepatikana na mzee hana kesi. Mwambie nimesema afunguliwe leo. Si kesho, leo."

Sammy alipotoka, alimpisha mtu mlangoni. Elkana alisimama pale, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, Mellen mgongoni.

"Wewe umefikaje?" Kemuma aliuliza.

"Na baiskeli, nyuma ya vumbi lenu. Mimi si mjinga, Afande. Uliniuliza mekuri kabla ya kuniuliza mke wangu."

Elkana alitazama bomba tupu, kisha kichupa.

"Sista. Ungempima na hii, ungejua?"

"Pengine."

"Pengine ndiyo ama pengine hapana?"

"Nikikuambia hapana, nimekudanganya. Nikikuambia ndiyo, nimekudanganya pia. Ningekuwa na mahali pa kuangalia, Elkana. Sikuwa napo, kwa sababu nilipatoa. Kifo cha Emmaculate niko nacho. Nitakufa nacho. Wewe ukitaka kunitukana, nitukane. Ukitaka kunipiga, Afande atazame pembeni."

Elkana alichukua kichupa, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Tone lilizunguka ndani.

"Dhahabu niliyokamata na hii ndiyo ilinunua sanduku alimozikwa," alisema.

Alikirudisha mezani taratibu, kana kwamba kingeweza kuamka. Akamsogeza Mellen vizuri mgongoni, akatoka nje, akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Hakuondoka.

Javan alikohoa. Alikuwa ametoa kalamu moja mfukoni na hakujua aifanyie nini.

"Sista Phelesia, jambo hili ni zito lakini lina njia. Kwetu hapa, mtu akikosea anasimama mbele ya watu anaomba msamaha. Watu wanasema sawa, maisha yanaendelea. Mimi nitaita kamati. Madam hapa ataandika mashine ilipotea, imepatikana. Sema tu neno moja, kwamba unaomba msamaha kwa kutoa mali ya serikali. Neno moja, dada."

"Mimi sijasema nitaandika hivyo," Kemuma alisema.

Phelesia alipiga magoti, lakini mbele ya friji. "Mwenyekiti, njoo uone hapa."

"Nione nini?"

"Njoo."

Javan alichuchumaa kwa shida, magoti yakilia.

"Huo moto unauona kwenye kioo? Ukiwa wa buluu, sawa. Ukigeuka njano, punguza utambi kwa hiki kisu, kidogo tu. Asubuhi na jioni unasoma joto, unaandika. Unaandika ulichokiona, si unachokumbuka. Mafuta yaliyobaki yanafika Jumamosi saa sita, kama hakuna upepo."

"Mimi?" Javan alimtazama Kemuma, akamtazama tena Phelesia. "Mimi ni mwenyekiti!"

"Ndiyo. Mwezi wa pili na wa tatu nilikuja kwako mara ngapi juu ya mafuta?"

"Mara... mbili."

"Tano. Mara zote ulisema nini?"

Javan aliutazama moto. "Nilisema wilaya inajua."

"Nitaongea na wilaya," alisema Kemuma. "Walete muuguzi mwingine Jumamosi."

"Wilaya hiyohiyo, Afande?"

Kemuma alivuta kiti, akafungua daftari la maelezo, akaandika tarehe juu. Nje, Sammy alikuwa akipaza sauti kwenye redio, akirudia jina la Nicanor herufi kwa herufi.

"Uko chini ya ulinzi, sista. Una haki ya kunyamaza."

"Nimenyamaza wiki sita. Andika." Phelesia alisimama, akapangusa magoti, akakunja mikono. "Mimi Phelesia, muuguzi wa Nyang'iela. Tarehe kumi na tatu Machi niliimwaga zebaki ya mashine ya presha, nikampa Gisiri, akanipa mafuta lita arobaini. Hakunilazimisha. Nilijaza namba za uongo kwa wanawake tisini na wanne. Wakaguzi walipokuja nikasema mashine imeibwa. Mlinzi Nicanor hakujua lolote na mimi nilinyamaza aliposhikwa. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Kemuma alisoma. Phelesia alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, akarekebisha neno moja, kisha akaichukua kalamu. Hakutia sahihi. Aliishika juu ya karatasi.

"Bado mstari mmoja. Andika kwamba mwenyekiti aliniuliza mbele yako kama naomba msamaha kwa kutoa hiyo zebaki."

Kemuma aliandika. "Na jibu lako?"

"Andika siombi."

Akasubiri mpaka wino ukakauka, ndipo akatia sahihi.